Kuthibitishwa Golini

Kwa heshima kubwa naujulisha umma wa Kata ya Daudi, majirani zetu wa Bashay, na wapenda michezo wote ndani na nje ya Wilaya ya Mbulu, kwamba mpira wa magongo wa kujifurahisha sasa una utaratibu. Zamani tulikuwa tunafurahi ovyo. Mtu alitoka shambani Jumamosi, akachukua gongo lake la mzeituni, akasimama mahali anapopaweza, akacheza, akacheka, akarudi nyumbani kukamua. Hakuna barua. Hakuna jalada. Ukiniuliza leo nani alicheza winga ya kulia mwezi Machi, nitakujibu kwa aibu kwamba alikuwa Monica, na ushahidi pekee ni kwamba sote tulimwona.

Hali hiyo imekoma. Mimi ni Katibu wa Ofisi ya Uratibu wa Burudani, nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na watoto wanne, kwa hiyo nikisema jambo limekoma, limekoma.

Aliyelikomesha ni Bwana Modest Agustino, Mratibu wetu. Mwezi wa nne alikwenda semina ya siku mbili Babati, akarudi na begi jipya la nailoni na Waraka Namba Tatu. Waraka wa kwanza na wa pili hatujawahi kuuona, lakini hiyo si sababu ya kuuvunjia heshima wa tatu. Waraka ulisema kwamba nafasi za uwanjani zimekuwa zikikaliwa kwa kigezo kimoja tu, yaani kuziweza, jambo linalowanyima fursa wasioziweza. Kwa hiyo kuanzia sasa kila nafasi ni kituo cha kazi. Mchezaji atapangiwa kituo kwa barua. Atakuwa kwenye majaribio siku tisini. Akifanya vizuri atathibitishwa na kubaki hapo mpaka miguu istaafu. Akishindwa, atarudi kituo alichotoka. Kwa mshambuliaji, kufanya vizuri ni kufunga angalau bao moja. Kwa golikipa, ni kudaka.

Mpaka hapo niliuona waraka mzuri. Niliuchapa mwenyewe. Nilipofika kwenye jedwali la mwisho nikakuta jina langu.

Naomba nieleze hili kwa kifupi. Kwa miaka sita nilikuwa mshambuliaji wa kati. Siku sita za juma mimi nainama: shambani, jikoni, kwenye majalada, chini ya kitanda nikitafuta kiatu cha mtu. Jumamosi saa kumi jioni nakimbia. Mpira unaachiwa mbele yangu, nyuma yangu hakuna anayeniita mama, na mbele kuna golikipa mmoja mwenye wasiwasi. Ni hicho tu. Sina kingine ninachokidai katika dunia hii.

Jedwali lilisema: Genoveva Tadeo, kutoka Mshambuliaji wa Kati, kwenda Golikipa, kwa maslahi ya umma. Mstari wa chini yake: Modest Agustino, kutoka, halafu kistari, kwenda Mshambuliaji wa Kati, kwa maslahi ya umma.

Nikagonga mlango wake.

"Shikamoo, Bwana Mratibu."

"Marahaba, Mama Brightness."

"Hapa kuna makosa ya uchapaji."

"Mchapaji ni wewe."

"Ndiyo maana nimeyaona."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Mama Brightness, ofisi imetambua uzoefu wako. Uzoefu unatakiwa nyuma, penye hatari."

"Nina miaka thelathini na tisa. Wewe una hamsini na sita, na juzi ulipumzika mara mbili ukipanda ngazi za ofisi. Ngazi ziko nne."

"Ndiyo maana ofisi imenipanga mbele. Mtu wa mbele analetewa mpira. Mtu wa nyuma anaufuata. Sasa umri wangu huu nifuate mpira?"

Hoja ilikuwa nzito. Nikarudi mezani, nikachapa barua yangu ya uhamisho, nikaisajili, nikajikabidhi, nikasaini kwenye daftari kwamba nimejipokelea. Kisha nikakata rufaa. Kamati ya Rufaa ina Mwenyekiti, ambaye ni Mratibu. Mjumbe anayewakilisha wachezaji, ambaye ni Mratibu. Na Katibu, ambaye ni mimi, bila kura. Kikao kilichukua dakika arobaini kwa sababu wajumbe hawakuelewana mapema. Mjumbe alimwonea huruma mwombaji. Mwenyekiti akamkumbusha Mjumbe asitawaliwe na hisia. Mjumbe akaomba radhi. Yote niliyaandika kwenye muhtasari.

Makabidhiano yalifanyika uwanjani Jumamosi iliyofuata. Nilimkabidhi Bwana Modest kituo changu, yaani nusu duara ya kufungia mbele ya goli la chini, ikiwa na majani, mteremko wa kuelekea kushoto, na shimo moja la fuko.

"Hili shimo lilikuwepo?" akauliza, kalamu hewani.

"Liko kwenye kiambatisho."

Akasaini. Yonas, aliyekuwa golikipa wetu na ambaye sasa alikuwa amepangiwa winga ya kushoto, alinikabidhi gunia moja la mkonge alilokuwa akijifunga kifuani. Alinitazama kama mtu anayeacha mbwa wake kwa jirani.

Gunia halitoshi. Nilikwenda nyumbani nikachukua godoro la zamani la binti yangu, nikalikata vipande viwili vya miguuni na kimoja cha kifuani, nikavifunga kwa mipira ya tairi ya pikipiki. Kichwani niliweka helmeti ya baba yao. Brightness alisimama mlangoni akiniangalia.

"Mama, hilo si lile nililokuwa nakojolea?"

"Ndilo. Washambuliaji hawatasogea karibu."

Jumamosi ya kwanza golini sitaisahau. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha. Nilisimama. Wenzangu walikimbia kule, nikasikia kicheko chao kinakuja na upepo, na mimi nimesimama. Mpira ulipofika ulinikuta miguu imekufa ganzi, nikaona unapita pembeni yangu kama mgeni asiyetaka kusumbua. Nikaokota, nikarusha, nikasimama tena. Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo kwa nguvu mpaka kikombe kimoja kikavunjika.

Pamoja nami nyuma alikuwa Gidabuday, beki wa kushoto, mfugaji wa nyanda za Hanang aliyehamia Daudi na ng'ombe wake. Ameshika fimbo tangu ajue kutembea. Hapigi mpira, anauelekeza kama ndama. Lakini waraka ulikuwa umeweka kituo chake katika hatua kumi kwa kumi, kikazungushiwa chokaa. Kutoka humo kulihitaji Fomu ya Ruhusa ya Kutoka Kituo cha Kazi, iwasilishwe siku tatu kabla.

"Mama Brightness," aliniuliza, akisimama ndani ya chokaa kama amefungwa kamba, "fisi akiingia upande ule wa zizi, mimi najaza fomu?"

"Nakala tatu."

"Na fisi je?"

"Fisi hayumo kwenye waraka."

Akafikiri. "Kwa hiyo mwenye uhuru hapa ni fisi."

Kutokana na utaratibu huo, mabeki wote walibaki vituoni mwao na kila aliyetaka kunifunga alifika kwangu bila kuguswa. Ikabidi nijifunze. Nikagundua kitu: kwa miaka sita nimewafunga watu, kwa hiyo najua mfungaji anafikiria nini. Bega linasema kabla gongo halijasema. Ukimtazama bega huhangaiki na mpira. Wiki ya tatu nilidaka minne. Wiki ya tano nilidaka yote.

Mtu aliyekuwa na shida zaidi alikuwa Bwana Modest. Alihitaji bao moja ili athibitishwe. Kila mazoezi alitelemka na mpira kuelekea goli langu, naye alifika bila kuchoka, kwa sababu huku kwetu mkubwa hapitwi bila kusalimiwa, na huwezi kumsalimu mtu umemwinulia fimbo. Beki aliteremsha gongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba," na huyo amepita. Beki wa pili, hivyo hivyo. Alivuka ngome nzima kwa marahaba nne. Akafika kwangu, akausukuma mpira kama mtu anayefagia uani. Nikaulalia.

"Shikamoo, Bwana Mratibu," nilimwambia, mpira uko chini ya godoro.

Ndipo nilipouona mtego. Nikidaka, nathibitishwa golini maisha yangu yote. Nikiachia, Mratibu anafunga bao, anathibitishwa mbele, na kituo changu kimekwenda. Niliusoma waraka kuanzia kichwa cha habari mpaka kwenye orodha ya "nakala kwa", sikuona mlango. Ulikuwa umeandikwa vizuri.

"Mwachie moja tu," Monica alinishauri. "Mzee afurahi, sisi tupumzike kupiga shikamoo uwanja mzima."

"Nitaachia mpira uliopigwa. Huyu hajapiga bado."

Bwana Modest naye alinifuata masijala.

"Mama Brightness, kesho utaachia mmoja."

"Nipe maelekezo kwa maandishi, niyasajili."

Akaangalia dirishani. "Kwa maandishi haipendezi."

"Kwa mdomo sisikii. Nina helmeti."

Tukaenda hivyo Jumamosi kumi na mbili. Bao: hakuna. Siku ya tisini iliangukia mwezi wa saba, siku ya mechi yetu ya kila mwaka na timu ya Gitting, kutoka Hanang, na Bwana Modest akamwalika mgeni rasmi, Bi. Sara, mkubwa wake kutoka Babati. Aliletewa kochi kutoka sebuleni kwa Mratibu, likawekwa chini ya turubai.

Gitting walikuja na lori la viazi, wakiimba. Nahodha wao na golikipa wao ni Scolastica, wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke ambaye hajawahi kuliweka neno akiba.

"Wifi!" alipiga kelele kabla hajashuka. "Nasikia wamekutoa sebuleni wamekuweka mlangoni kama ufagio!"

"Nimehamishwa kwa maslahi ya umma."

"Umma gani?"

"Yule pale, anafunga kamba za viatu."

Mechi ikaanza. Sitajisifu, naandika taarifa. Kipindi cha kwanza Gitting walipiga golini mara nane, nikadaka nane. Mbele, Bwana Modest alipata mipira mizuri, kwa sababu Monica alikuwa na amri ya kumpa. Tatizo lilikuwa beki wa kati wa Gitting. Aliitwa Mama Gaudensia, ana miaka sitini na saba, na bado analima viazi vyake mwenyewe. Waraka haukuwa umefikiria kwamba Hanang nako kuna wakubwa. Bwana Modest alifika kwake na mpira, akasita, akateremsha gongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Watoto?"

"Hawajambo, mama."

"Mvua huko kwenu imenyesha?"

"Kidogo."

"Ng'ombe je?"

Wakati ng'ombe wanaulizwa, mpira ulikuwa umeshafika kwangu upande wa pili wa uwanja. Ilitokea hivyo mara sita. Kila mara Mama Gaudensia alikumbuka ndugu mwingine.

Mapumziko, hakuna aliyefunga. Bwana Modest, akihema, alikwenda moja kwa moja kwenye kochi na karatasi. Nilimsikia vizuri.

"Mheshimiwa, huyu mama ameonyesha uwezo wa pekee golini. Napendekeza athibitishwe leo hii hii, kabla hatujamkosa."

Kwa kuthibitishwa mimi, nafasi ya mbele ingekuwa yake awe amefunga au hajafunga, maana hapangekuwa na mtu wa kurudi. Bi. Sara akasaini kwenye goti. Bwana Modest akanipa mkono.

"Hongera. Sasa umetulia."

Niliisoma barua. Ilikuwa na muhuri, haina makosa. Ningependa ingekuwa na makosa. Nikaikunja, nikaichomeka kwenye godoro la kifuani, nikakaza mipira ya tairi, nikarudi golini. Yonas aliuliza kama naumwa. Nikamwambia ashike winga yake.

Kipindi cha pili kilienda vile vile mpaka dakika za mwisho. Hapo Monica, akiwa amechoka na amri, aliingia mwenyewe, akapiga, na beki kijana wa Gitting akauzuia mpira kwa mguu juu ya mstari. Refa wetu, Mwalimu Gerald, akapuliza filimbi. Penati.

Bwana Modest alikuwa ameshainua mkono. Akavuta soksi. Akamtazama mgeni rasmi ahakikishe anamtazama.

Mimi ni golikipa, lakini pia ni Katibu. Nilipaza sauti kutoka kituoni kwangu.

"Taarifa, mheshimiwa! Kifungu cha tisa!"

Bi. Sara alikuwa na waraka mapajani, akiupepea. Akaufungua. Akausoma kwa sauti ya mtu aliyesoma nyaraka nyingi na hakufurahishwa na hata mmoja. "Penati ni jukumu la kudumu. Itapigwa na mchezaji aliyethibitishwa tu."

Kifungu hicho Bwana Modest alikiongeza mwezi wa tano, baada ya Monica kufunga penati tatu katika zoezi moja.

"Mheshimiwa, kifungu hicho kina tafsiri pana," alisema.

"Nipe nyembamba. Wewe umethibitishwa?"

"Nipo katika hatua za mwisho."

"Nani amethibitishwa?"

Gidabuday, ndani ya chokaa yake, alininyooshea gongo mimi.

Mwalimu Gerald alitoa maoni kwamba hata sheria za magongo zenyewe zinamruhusu golikipa kupiga penati. Bi. Sara alisaini fomu yangu ya kutoka kituo cha kazi, nakala tatu, na Bwana Modest akashuhudia kwa sababu fomu inataka shahidi. Nikaanza kupanda uwanja na magodoro miguuni, nikitembea kama bata. Nilipompita, aliniambia polepole, "Piga nje, Mama Brightness. Ofisi itakukumbuka."

"Ofisi imekuwa ikinikumbuka tangu mwezi wa nne."

Golini, Scolastica alikuwa anacheka. "Wifi, unakuja na kitanda?"

Nilikuwa namwangalia. Zamani ningeupiga kwa nguvu zangu zote, kona ya kulia, nikifumba macho. Lakini nilikuwa nimesimama pale anaposimama yeye kwa siku tisini, na najua kinachomtokea golikipa: hawezi kuvumilia kusubiri. Afadhali aruke upande usio sahihi kuliko kusimama. Filimbi ikalia. Nikasubiri pumzi moja. Goti lake la kushoto likalegea, akaenda. Nikausukuma mpira upande wa pili, bila haraka. Uliingia kama mtu anayeingia kwake.

Monica alinirukia mgongoni. Wifi yangu, amelala kwenye majani, alisema, "Mbwa wewe," na akacheka tena.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Bi. Sara alituita kwenye kochi.

"Bwana Modest, siku zako tisini zinaisha lini?"

"Leo saa kumi na mbili jioni, mheshimiwa."

Bi. Sara akatazama saa. "Bado dakika ishirini. Mpira ule pale. Goli lile pale. Halina mtu."

Na kweli halikuwa na mtu. Scolastica alikuwa anakunywa chai. Bwana Modest aliuchukua mpira, akaondoka nao peke yake katika uwanja mzima. Timu mbili zikasimama kumtazama. Alibakiza hatua kama sita. Kando ya mlingoti Mama Gaudensia alikuwa amekaa chini, anavua viatu.

"Mwanangu," alisema, "habari za mama mkwe hukunipa."

Bwana Modest alisimama. Angeweza kupita. Lakini watu wote wa Daudi na wote wa Gitting walikuwa wanamwangalia, na mama alikuwa anasubiri kujibiwa.

"Hajambo, mama. Anasumbuliwa na magoti."

"Magoti! Kwanza keti, nikuambie kuhusu magoti."

Saa kumi na mbili ilipofika walikuwa kwenye dawa ya tatu.

Bi. Sara si mtu wa kuvunja taratibu. Alisema asiyethibitishwa hurudi kituo alichotoka, akaliangalia jedwali, akaona kistari. "Kistari si kituo," alisema. "Mtu asiye na kituo hupelekwa penye upungufu." Kisha akanigeukia. "Na wewe umethibitishwa. Aliyethibitishwa ndiye pekee anayeweza kupandishwa. Unataka upandishwe wapi?"

"Mbele," nilisema.

"Basi upungufu utakuwa golini."

Bwana Modest alisema uamuzi huo ungefaa upitie Kamati ya Rufaa. Bi. Sara aliomba majina ya wajumbe. Nilipomsomea, aliomba gari lake.

Barua zote mbili nilizichapa Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, bila kosa.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunacheza na wenzetu wa Bashay. Nilimfunga Bwana Modest magodoro mimi mwenyewe, nikamvalisha helmeti, nikampeleka goli la juu kwa mkono. Ukungu ulikuwa umeshuka na upepo wa mwezi wa saba unakata masikio.

"Mama Brightness," alisema, sauti ikitoka mbali ndani ya helmeti, "mpira ukiwa upande ule mwingine, golikipa anafanya nini?"

"Anasimama."

"Na baridi hii?"

"Ikizidi, anarukaruka."

Nikamwacha, nikashuka mbele. Mpira haukupanda juu jioni ile hata mara moja. Nilifunga matatu, na kila nilipogeuka kurudi katikati nilimwona Mratibu wetu kule juu, peke yake katika ukungu, akiruka, akitua, akiruka tena. Katika taarifa ya juma nimeandika kwamba anaendelea kuzoea.